Chubwi Mezani kwa Mhandisi

Kazi yangu ni kushona nyavu, na madini ya risasi nayajua kwa mikono. Ndiyo tunayoyeyusha kupata chubwi, vile vipande vizito vinavyozamisha wavu. Kwa hiyo mhandisi Pastory aliposimama mkutanoni, hapa mtaani kwetu Buhare, akasema mabomba yetu ni ya chuma, niliona ananifanya mtoto.

Fedha za serikali za kung'oa mabomba ya risasi zilikuwa zimefika. Awamu ya kwanza ilikuwa mtaa wa maofisa. Sisi tuliwekwa ya nne, baada ya miaka mitatu, kwa kuwa eti hatuna ushahidi kwamba yetu ni ya risasi. Mjukuu wangu Esther ana miaka minne. Hospitalini walishakuta risasi kwenye damu yake, na daktari alisema kila kikombe kinamwongezea. Hasira zilinipanda.

Aibu yangu niiseme mwenyewe. Bomba la uani lilipopasuka mwaka jana, fundi alikata kipande akakitupa. Mimi nikakiokota, nikamshukuru Mungu kwa chubwi za bure. Sikujiuliza tunakunywa nini.

Nikaenda nyumbani, nikarudi na wavu begani na kipande kilichobaki. Nikakiweka mezani juu ya orodha yake ya awamu, nikakikwangua kwa kisu. Kikakwanguka laini, kikang'aa; chuma hakikubali kisu hivyo. Pastory alikigusa, akasema wataangalia, ila kwanza tusaini mahudhurio.

Hapo ndipo wanapotumaliza. Karatasi ya mahudhurio hubandikwa nyuma ya muhtasari, ikasomeka kwamba wananchi wameridhia.

"Mwanangu, hatusaini," nilimwambia. "Siku zote tunasainiga, mnaenda kuandika tumekubali. Leo anzeni na wanaokunywa sumu."

Karatasi ilizunguka ukumbi mzima. Hata mwenyekiti Faustine, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia mtu mwenye gari la serikali, aliipitisha bila kugusa kalamu. Ikarudi tupu.

Pastory akaniomba kile kipande akipeleke ofisini. Nilikataa, maana vitu vyetu vikiingia ofisini havionekani tena. Nikaagiza jembe, nikampa, nikamwambia mabomba yako uani kwa kila mtu, achimbe popote apendapo.

Alichimba kwangu, akachimba kwa Ghati jirani yangu, kote akakuta risasi. Nyumba ya tatu aliweka jembe chini, akafuta namba nne mbele ya jina la mtaa wetu kwenye orodha, akaandika moja.

Nikaomba karatasi ya mahudhurio. Nikasaini wa kwanza.