Boliti Mbili Dirishani

Upepo wa alfajiri ulikuwa umeuangusha mkaratusi uliosimama mbele ya chumba cha mama mkwe. Haukuangukia paa, afadhali. Ulijilaza ukutani, shina lake likaukandamiza mlango kama bega la mtu mkaidi. Na mlango wenyewe ulifungukia nje. Dirisha lilikuwa na nondo, umeme ulishakatika mtaa mzima, kwa hiyo habari ya kuleta mashine ya kukatia nondo haikuwepo. Mama mkwe alikuwa ndani, yeye na cherehani yake, na juu ya mlango ukuta ulianza kupasuka. Kila baada ya muda vumbi la saruji lilichuruzika kutoka kwenye ule ufa, na kila lilipochuruzika watu wote uani walirudi nyuma hatua.

Bahati nzuri, mume wa binti yake alikuwa mkata miti. Aliuzunguka mkaratusi polepole, akauinamia, akaugonga hapa na pale. Kulivuta shina kwa kamba aliona ni hatari, maana ukuta ungeweza kulifuata. Ilibidi alipunguze kipande kwa kipande, kuanzia kwenye matawi, mpaka libaki jepesi la kuviringishwa. Msumeno wa mnyororo alikuwa nao. Kilichokuwa kinamsumbua ni ekzosi, lile bomba la kutolea moshi.

Ilikuwa na tabia ya kulegea. Boliti zake mbili zilitikisika na injini, zikajifungua zenyewe taratibu, mwishowe msumeno ukanguruma vibaya, ukatema moshi wa moto pembeni na kuishiwa nguvu. Dawa yake alikuwa ameigundua mwenyewe, kwa kujaribu jambo moja moja: safisha boliti kwa petroli, ziache zikauke kabisa, kaza, washa mpaka chuma kipate moto, kisha kaza tena. Akifanya hivyo, ekzosi ilitulia siku nyingi.

Leo alikata matawi machache tu, ikaanza.

"Shemeji," akasema kaka wa mkewe, kinyozi mwenye mdomo usio na breki, "hiyo ni mashine au mbuzi mwenye kikohozi?"

"Mashine."

"Basi inyweshe dawa, mama yangu yuko ndani."

Mkata miti akauzima msumeno na kufungua boliti. Chini kote kulikuwa na majani na unga wa mbao. Chuma kidogo kama kile kingepotea papo hapo. Mkono wa mama mkwe ukatokea kati ya nondo, ukaweka kisahani dirishani.

"Weka vyuma vyako hapa, mwanangu, visipotee."

Alizisafisha boliti, akaziweka kwenye kisahani bila kuinua macho. Ndivyo alivyokuwa mbele ya mama mkwe wake. Kwa miaka yote ya ndoa walikuwa wamesalimiana vizuri, wameulizana hali, na mengine yote yalipitia kwa mkewe. Chumbani kwa mama hakuwahi kuchungulia hata mara moja, na hakuona kwa nini aanze leo kwa sababu ya mti. Aligeuka akaanza kukwangua masizi kwenye mdomo wa ekzosi.

"Mama anauliza kama umekunywa chai," mkewe akasema, amesimama hapo hapo dirishani.

"Mwambie nimekunywa."

"Mama, anasema amekunywa."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi," sauti ikatoka ndani. "Na hajanywa."

Akazichukua boliti kwenye kisahani, akakaza, akawasha, akakaza tena chuma kikiwa cha moto. Msumeno ukaimba vizuri. Akamaliza matawi, akaingia kwenye shina, na kabla hajafika katikati ngurumo ikarudi ile ile.

Sasa hata kinyozi hakutania. Mkata miti akafungua tena. Akakagua gaskiti, kile kipande chembamba cha kuziba kati ya ekzosi na injini: nzima. Akaingiza kijiti kwenye matundu ya boliti kutazama kama meno yamelika: yako sawa. Akasafisha boliti upya, kwa makini zaidi, akaziweka kwenye kisahani, akapangusa injini wakati zikikauka. Akafunga. Akakata. Ikalegea.

Safari hii ukuta ulidondosha donge zima, likapasukia kizingitini. Mkewe akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama!"

"Nipo."

Ufupi wa jibu ulimtisha mkata miti kuliko kama mama angepiga kelele.

"Nenda kwa majirani," akamwambia mkewe, "waombe nguzo zozote walizonazo, tuuegemeze huo ukuta."

Mkewe akaondoka mbio. Yeye akafungua boliti, akaziosha, akaziweka pale pale, akakaa juu ya gogo. Hakuwa mtu wa kukimbilia kulaumu, hata mashine hakupenda kuitukana. Alianza kuyapitia mambo kutoka mwanzo, moja moja, kama kawaida yake. Gaskiti ni ile ile. Meno ni yale yale. Mkono unaokaza ni ule ule. Petroli ni ile ile. Kwa nini dawa iliyofanya kazi wiki iliyopita igome leo?

Akanyoosha mkono kuchukua boliti, na moja ikamponyoka vidoleni kama sabuni.

Akaiokota. Akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Petroli aliijua, hii haikuwa petroli. Ilikuwa harufu nyepesi, safi. Ndipo akainua macho, akatazama dirishani kwa mara ya kwanza. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, na mkononi ameshika kikopo kidogo cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu mwembamba.

Sasa atasemaje? Mkewe hayupo. Kumtuma kinyozi ilikuwa haiwezekani. Hadithi hii ingesimuliwa pale kwenye kiti chake cha kunyolea mpaka watu waache kuota nywele. Tena mama alikuwa amefanya kwa wema. Ufa ukachuruzisha vumbi. Akapiga moyo konde.

"Mama."

"Naam, baba."

"Samahani sana. Hizi boliti... umezitia mafuta?"

"Nimezitia. Kila ulipoziweka. Zilikuwa kavu kama mkate wa juzi, nikasema huyu mtoto ana haraka, amesahau. Bila mafuta cherehani hii ingekuwa imeshakufa."

"Kwa cherehani ni kweli kabisa, mama. Ila hizi kazi yake ni kung'ang'ania. Zikiwa na mafuta, ule moto na mtikisiko unazitelezesha, zinatoka."

Mama mkwe akakitazama kikopo chake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyejifungia humu?"

"Mti ndio uliokufungia, mama."

"Na wewe uko hapo nje unajikaanga roho, usiniulize?"

"Sikuona, mama. Nilikuwa sitazami dirishani."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Chini."

"Mkwe wangu! Tangu umuoe binti yangu unatazama chini. Huko chini kuna nini?"

Kinyozi akapasuka kicheko mpaka akashika mbavu. Mkata miti naye akajikuta anacheka, na kucheka huko kulimlegeza mabega. Mama mkwe akapitisha kitambaa kikavu katikati ya nondo, akarudisha mikono yake na kuikunja kifuani pale pale dirishani.

"Iangalie hii mikono. Haigusi kitu tena."

Mkata miti akaosha boliti na matundu yake, akafuta, akasubiri zikauke mbele ya macho ya mama mkwe na kinyozi. Akakaza, akawasha, akakaza tena. Mkewe akarudi na majirani na nguzo, wakauegemeza ukuta. Msumeno ukaingia kwenye shina, na safari hii sauti haikubadilika. Kipande cha kwanza kikaanguka, kikafuatwa na kingine. Alikata akisikiliza, akingoja ile ngurumo, nayo haikuja. Gogo la mwisho walilisukuma wote pamoja, likaviringika mpaka katikati ya ua.

Mlango ukafunguka kwa kusitasita. Mama mkwe akatoka, kichwa kimejaa vumbi la saruji. Bintiye alimkumbatia kwanza, kisha kinyozi. Mkata miti alisimama kando, msumeno mkononi.

Mama akamwendea, akamshika mkono.

"Si mafuta tu, baba," akasema taratibu, wengine wasisikie. "Niliogopa. Kila ule ukuta ulipolia, mikono ilitaka kazi."

"Hata mimi niliogopa, mama," akajibu, akimtazama usoni.

Majirani wakaleta kiti. Mama mkwe akashukuru, lakini hakukikalia; kukaa alikuwa amekaa vya kutosha mle ndani. Akaanza kuuzunguka ua, hatua kwa hatua, akapita gogo, akapita matawi, akafika kwenye lango, akarudi, akaanza tena, na hakuna aliyemwambia apumzike.