Samaki wa Rangi Mbili

Tangu kiharusi kimzabe kofi upande wa kulia, Fundi alikuwa ameifunika cherehani yake kwa shuka jeupe, utadhani ni maiti inayosubiri kuzikwa. Jirani mshona mapazia alikwisha kuambiwa aje aichukue.

"Kabla hujaigawa," wifi yake alisema, akibwaga mfuko wa vitambaa mezani, "mjukuu wetu anataka samaki wa kulala naye. Mwenye manyoya."

"Samaki mwenye manyoya kamwona wapi?"

"Muulize akitoka shule. Akili hizo karithi kwako, kwetu hazipo."

"Siwezi, wifi. Mkono mmoja hauvunji chawa."

"Nani kataja chawa hapa? Nimesema samaki. Kata wako, nikate wangu, tuone nani mshamba."

Fundi akacheka bila kupenda. Kaka mtu, mumewe Fundi, alipofariki, majirani walidhani mawifi hawa watagawana masufuria na kila mmoja ashike njia yake. Kumbe dada mtu alihamia humo humo na kitanda chake, akaanza kulalamikia chumvi.

"Haya. Ila samaki huyu akinishinda, usinibembeleze tena. Cherehani itoke."

"Itoke," wifi akakubali, haraka mno.

Fundi akachukua kipande cha blanketi la manyoya la rangi ya chungwa, wifi akachukua la kijivu. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye umbo la samaki: nundu mgongoni, tumbo bapa, mkia umepinda juu. Kazi yenyewe haina siri. Unachora nyuma ya kitambaa ubavu wa kwanza, unaigeuza karatasi, unachora wa pili. Usipoigeuza, mbavu zote mbili zitatazama upande mmoja, na samaki atakuwa na manyoya nje ubavu huu na utumbo nje ubavu ule.

Mkono wa kulia ulilalia karatasi kama mgeni aliyeshiba. Mkasi aliushika kwa kushoto. Jasho lilimtoka. Kila alipokata kidogo alipumzika, na wifi akapiga mluzi akitazama dari. Kipande cha pili kilipotoka, Fundi aliviweka pamoja, vikakataa. Nundu moja juu, nyingine chini. Akili yote ilikuwa mkononi, karatasi hakuigeuza.

Akauweka mkasi chini taratibu.

"Mwite mshona mapazia."

Wifi aliinama, akakatakata mambo yake huko upande wa pili wa meza, kisha akapiga ukelele. "Mama yangu! Hebu ona! Na mimi nimekata vyote vinatazama kulia!"

"Wewe?"

"Uzee haupigi hodi. Lete kimoja chako."

Wakaviweka pamoja, chungwa na kijivu, manyoya kwa manyoya. Vikakutana nundu kwa nundu, mkia kwa mkia. Na jozi ya pili vivyo hivyo. Fundi akayapangusa machozi kwa kiwiko, akasingizia vumbi la manyoya.

Wakashona kwa mkono, wakaacha tundu tumboni, wakageuza, wakajaza pamba. Mjukuu alipoingia na viatu vyake vya shule, aliwatazama samaki wale huku na huku.

"Bibi, huyu akichoka kuwa wa chungwa anageuka?"

"Ndiyo, mume wangu. Umeona akili hiyo, wifi?" wifi akadakia. "Hiyo sasa ni ya kwetu."

Akainuka kwenda kubandika chai. Kitu cha kijivu kikamponyoka mfukoni mwa gauni. Fundi akakiokota. Ubavu wa samaki, nundu juu, uliokatwa vizuri, ukitazama kushoto. Mtu huyu alikuwa amekata jozi sahihi kabla ya mwenzake kumaliza hata mkia, kisha akaificha nusu yake na kukata kosa kwa makusudi, yeye ambaye hukasirika uzi ukiyumba kidogo tu.

Fundi alitaka kusema jambo kubwa. Akaishia kuita.

"Wifi!"

"Nini tena?"

"Kuna samaki huku kaachwa mjane. Anatafuta mwenzake."

Jikoni vikombe vikagongana. Kisha: "Basi mtafutie. Mimi nina chai."

Fundi akavuta blanketi la chungwa. Akaitandika karatasi, akatulia, akaigeuza. Mjukuu akashika ncha ambayo mkono wa kulia ulishindwa kuishika. Alipomaliza kukata, alilivuta lile shuka jeupe kwenye cherehani, akamrushia mtoto alikunje.

"Na mshona mapazia akija?" wifi akauliza mlangoni, vikombe mkononi.

"Mpe chai," Fundi akasema, akitunga uzi. "Halafu arudi kwao."