Ushuhuda Uliofika Makadara

Makofi ndiyo yaliyomtia Kanze kichefuchefu. Si maneno ya mumewe, maana hayo aliyasikia akaduwaa tu. Ni yale makofi, na vigelegele, na mama mmoja wa mstari wa mbele aliyerukaruka mpaka kiatu kikamtoka. Lewis alikuwa amesimama madhabahuni, kanisani kwao Tudor, kashika kipaza sauti, akasema kabla ya kuokoka aliwahi kuiba betri ya tuktuk pale Makadara, na watu walipomtafuta mwizi, yeye ndiye aliyemnyooshea kidole kijana asiye na hatia. Kijana akapigwa na umati, jicho moja likapofuka, mkono ukavunjika usiunge tena sawasawa. Lakini leo ameoshwa, akasema Lewis, na kanisa zima likasimama kumshangilia. Kanze alitoka nje akatapika kando ya ukuta.

Huyo kijana asiye na hatia ana jina lake. Anaitwa Faraj, mwana wa Bi Swafia muuza viazi vya karai, na kwa Bi Swafia ndiko Kanze anakonunua viazi kila jioni akitoka kazini, anakotandika vitanda katika nyumba ya wageni Mji wa Kale. Bi Swafia humwongezea ukwaju bila kuombwa. Humwita mwanangu. Na huyo mwanangu siku zote alikuwa akilala kitanda kimoja na mtu aliyempofusha Faraj, hana habari, akiamini kama Makadara nzima kwamba Faraj ni mwizi. Hata akimkaribia Faraj alikuwa akibana mkoba kwapani. Mtu mzima na akili zake, jamani!

Jioni hiyo, nyumbani Majengo, mtoto wao Purity akiwa amekwisha lala, Lewis alikula wali wa nazi kwa raha zake, akilamba vidole kimoja kimoja. Kanze alivitazama vile vidole akashindwa kutia tonge mdomoni. Alimwambia kwa upole kwamba yampasa aende kwa Bi Swafia akayaseme kule aliyoyasema kanisani. Lewis akacheka. Alisema Mungu amekwisha samehe na amekwisha sahau, sasa yeye Kanze ni nani wa kufukua? Ati kufukua! Alisema tena kuwa ya kale yamepita, akaomba aongezwe mchuzi.

Kanze akamwendea Pasta Kingi. Pasta hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Ila alikuwa amepata ushuhuda unaojaza viti, na mtu akipata kitu kama hicho akili humhama kidogo. Alimwambia Kanze kwamba toba ni kati ya mtu na Mungu, na kwamba Lewis akijipeleka Makadara huenda akashikwa na polisi, halafu Injili itatukanwa. Wakaomba pamoja. Kanze alifumba macho, lakini moyo wake ulikuwa Kaloleni, kwenye kanisa la udongo alikookokea akiwa msichana. Kule waliambiwa vivyo hivyo, kwamba wokovu ni bure, Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi na hakuna awezaye kuununua. Lakini kule aliyeokoka Jumapili, Jumatatu ungemkuta njiani na mbuzi wa watu, amemfunga kamba, anamrudisha kwa mwenyewe. Hakuna aliyedhani kwamba kumrudisha mbuzi ni kulipia wokovu. Ilikuwa ni mtu ameokoka, basi.

Kesho yake Bi Swafia alikuwa na habari. Amemposea Faraj binti aitwaye Fairuz, na msichana mwenyewe ameridhia. Tatizo ni Bi Mwanakuu, shangazi aliyemlea huyo msichana. Ameanza kuulizauliza mitaani kuhusu tabia za mwanamume, kama ilivyo ada, na kila anayemuuliza humtajia ile betri. Jibu atalitoa Jumamosi baada ya alasiri.

"Posa ya kwanza ilirudi kwa neno hilo hilo," Bi Swafia akasema, akigeuza viazi. "Hii nayo ikirudi, mwanangu hatapata mke mji huu."

Kanze alisimama na viazi vyake mkononi. Kusema angeweza, papo hapo. Hakusema. Alijiambia kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye atakayelisema, tena kanisa lilikuwa limepanga mkutano wa Injili Jumamosi hiyo hiyo, na mahali penyewe ni Makadara. Mungu gani tena unamtaka akupangie mambo kuliko hivyo? Hata hivyo alipofika kona ya nyumba yake alivitupa vile viazi. Kinyaa alichokuwa nacho juu ya Lewis kilikuwa kimeanza kumgeukia mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Spika zilipangwa mkabala na karai la Bi Swafia, vijana wa tuktuk wakajaa kutazama, maana spika hazikosi watu. Lewis alipanda jukwaani na shati jeupe ambalo Kanze mwenyewe alilipiga pasi. Alianza vizuri. Alitaja pombe, akataja bangi, akataja giza alimokuwa. Halafu macho yake yakamwona Faraj akiepua viazi kwa ule mkono wake mzima.

"Nilipokuwa Nairobi huko," akasema Lewis, "nilimsingizia kijana mmoja wizi."

Nairobi! Mtu ambaye hajapata kuvuka Voi, na hiyo Voi yenyewe alirudishwa na tumbo la kuendesha. Aliitia chumvi Nairobi yake, akaijengea mitaa, akaijaza polisi wenye mbwa. Mkavu wa macho, hana haya wala hana vibaya, na Faraj aliyeharibiwa maisha yuko pale pale anachota mafuta. Mwili ulimsisimka Kanze kwa karaha. Alitamani kujikwangua ngozi kila mahali mtu yule alipopata kumgusa.

Pasta Kingi akachukua kipaza sauti akawaita watu. Aliyechoka na dhambi na aje mbele, asione haya, Yesu anapokea. Wa kwanza kutoka alikuwa Kanze. Pasta akababaika, kisha akatabasamu akamuuliza kama mama Purity anataka kuombewa.

"Mimi nimeokoka zamani," Kanze akasema. "Nimekuja kumaliza ushuhuda wa mume wangu. Si Nairobi, ni hapa. Betri aliiba yeye, Lewis. Faraj hakuiba kitu."

Kipaza sauti kilizimwa, lakini kilizimwa kwa kuchelewa. Kelele ikaanzia kwenye tuktuk. Mwizi ndiye huyu! Wale wale waliompiga Faraj, huenda kwa kuwa walimpiga Faraj, walimvuta Lewis miguu wakamteremsha jukwaani. Shati likapasuka. Mmoja alikuwa amekwisha okota jiwe. Kanze alipiga ukelele akijaribu kujipenyeza, hakuna aliyemsikia, na hapo akatambua kwamba amemwua baba wa mtoto wake.

Aliyepita katikati yao ni Faraj. Alipita kwa bega, mkono ule mbovu kaubana kifuani, akasimama juu ya Lewis miguu huku na huku.

"Mwenye jicho ni mimi," akasema. "Anayetaka kumpiga anipige mimi kwanza."

Wakasita. Wakaanza kuangaliana, na yule mwenye jiwe akaliachia. Lewis alikuwa ameukamata mguu wa Faraj kwa mikono miwili, analia makamasi yakimtiririka. Faraj alimtazama kama mtu anayetazama inzi ndani ya chai.

"Sijakusamehe, usidhani," akamwambia. "Lakini hapa hapigwi mtu tena. Inuka twende kwa Bi Mwanakuu."

Lewis akageuka kumtafuta Pasta Kingi. Pasta alikuwa akitazama chini. Basi akainuka. Walitembea wawili hao, Lewis mbele na shati lake lililopasuka, Faraj nyuma yake, na Kanze nyuma yao wote, mbali kidogo, maana kinyaa kilikuwa bado hakijamtoka na hakujua kama kitamtoka siku moja. Kwenye mlango wa Bi Mwanakuu Lewis alilivuta shati lake afunike kifua. Kisha akabisha hodi.

Sauti ya mwanamke mzima ikauliza kutoka ndani ni nani.

"Ni mimi niliyeiba betri, mama," Lewis akasema.