Mkwaju Uliofundwa

Saa saba na robo mchana, siku ya kwanza ya mkutano wa wapenzi wa bonsai mjini Morogoro, mkwaju wa baba yangu ulikuwa bado sakafuni. Miti mingine yote, ile miti ya msituni iliyozoezwa kuishi na kuzeeka ndani ya sahani ya udongo, ilikuwa imeshapandishwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe: mtini uliokumbatia jiwe, mkangazi wenye kimo cha birika, bogonvilia iliyoinama kama mtu anayenawa uso. Wa kwetu ulikataliwa mlangoni. Aliyeukataa ni Mama Jyoti, mwendesha warsha wa mkutano, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa mji huu huu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliinama, akapitisha ukucha juu ya tawi la kushoto, lile linaloshuka chini ya ukingo wa sahani, akauliza bila kuinua kichwa, "Nani kauacha waya huu?"

"Baba," nilisema.

"Yuko wapi nimseme?"

"Alifariki masika ya mwaka jana."

Akanyanyuka. "Pole sana, mwanangu. Lakini waya unakula mti. Tazama, gome limeshaanza kuumeza. Ukibaki hivi, masika yajayo tawi hili halina uhai. Majaji wanapita saa kumi. Ukiutoa waya, nitaupandisha mti mezani kwa mikono yangu. Usipoutoa, siupandishi, na hata ungekuwa wa baba yangu mimi nisingeupandisha."

Sikubishana naye, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Kazi yangu ni kukagua mizani sokoni, na nimezoea kuamini kinachoonekana: gome lilikuwa limevimba pande zote mbili za waya, na majani ya ncha ya tawi yalikuwa madogo kuliko ya kwingineko. Lakini kulikuwa na ukweli wa pili. Baba alikuwa fundi wa kusuka mota, na waya huo ni shaba aliyoitoa kwenye mota iliyoungua, akaulainisha motoni, akauzungusha mwenyewe kwenye tawi. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake iliyobaki kama alivyoiacha. Waya ndio ulioliinamisha tawi. Ukikatwa, tawi laweza kuruka juu lilikokuwa, na umbo alilolikusudia likapotea, wala hayupo wa kulirudisha. Nilimwuliza Mama Jyoti kama lingeruka. Alijibu, "Hilo hulijui mpaka umekata."

Mdogo wangu Kaspari, aliyeupakata mti huo kwenye gari tangu Matombo, alikuwa amesimama pembeni anatafuna sambusa. "Kata, dada Skola. Huo ni waya, si kidole cha mzee."

"Kata wewe."

"Mimi? Likiruka utanisema mpaka siku ya maziko yangu. Halafu mti wenyewe, ungekuwa mkubwa kama mikwaju ya watu, saa hizi tungekuwa tunauza ukwaju."

Akaenda kutazama onyesho la kupogoa. Nikaubeba mti hadi chumba cha warsha, kilichokuwa kitupu saa ya chakula, nikauweka mezani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikiwa na plaizi mapajani. Mvua ilianza kupiga bati. Nilikuwa nimeamka alfajiri kwa safari, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Nikasinzia.

Niliona nimesimama kwenye ukingo wa nchi nyeupe, tambarare kama meza iliyotandikwa, isiyo na kitu kirefu kuliko mimi. Misitu ilikuwapo, lakini vilele vyake vilinifika kiunoni. Mito ilikuwa na upana wa utambi wa taa, na juu yake yalipita madaraja ambayo ningeweza kuyatia mfukoni. Watu, hata hivyo, walikuwa wa kimo chetu, nao walitembea wakichungulia wanapokanyaga, kama wageni katika nyumba yenye mtoto mchanga. Mwanamke mmoja alinijia, amevaa aproni ya turubai yenye mifuko mingi na katika kila mfuko kifaa kimoja, wala hakuna mfuko uliokuwa mtupu au uliojaa kupita uwezo wake. "Umechelewa," alisema, "ila si sana. Jina langu Kiasi. Nitakutembeza. Kuamua sitakuamulia; wanaoifanya kazi hiyo katika nchi hii utawaona wenyewe, nao hawana shida ya wateja."

Alinipeleka kwanza kwenye uwanja uliojaa watu, mahali ambapo kijana mtanashati aliyekunja mikono ya shati alikuwa anatoa jasho juu ya mche mmoja. Kiasi alininong'oneza kwamba huyo ndiye Bwana Haraka. "Mabibi na mabwana," kijana alipaza sauti, "nitauzeesha mti huu kabla chai zenu hazijapoa!" Akauchuna gome, akauunguza shina kwa moto wa gesi mpaka likapasuka kama mguu wa mkulima, akabandika kwa gundi kuvumwani, ule ukoga wa kijani unaoota kwenye magome ya miti mikongwe, akakunja matawi yote kwa mkupuo mmoja. Kweli, alipomaliza, mche wa msimu mmoja ulikuwa na sura ya mti ulioona vita. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alimwambia mwenzake, "Huyu fundi, shoga! Mimi wangu nimeulea tangu sijaolewa, na haujafika hata nusu ya hapo." Mimi nilitazama majani, kwa kuwa majani hayasikilizi makofi. Yalikuwa yameanza kujikunja. Chai ilikuwa bado ya moto.

"Mti umekufa," nilisema.

"Umekufa," Kiasi alikubali, "lakini wao wameshaondoka na picha, kwa hiyo kwao unaishi. Haraka hana ubaya wa moyo. Tatizo lake ni moja: hajawahi kurudi kesho yake kuutazama mti aliouacha jana."

Kutoka hapo tulipita kwenye ukumbi wa maonyesho wa Bwana Sifa, ambamo kila sahani ilikuwa na kibao cha shaba kikubwa kuliko mti wenyewe, na mwenyewe Sifa alikuwa anasimama mbele ya kila mti ili apigwe picha akiwa anaugusa, hata sikuona zaidi ya majani yaliyochomoza nyuma ya masikio yake. Aliniuliza mti wangu unaitwaje. Nilimwambia hauna jina. "Basi huna mti, mama," alinijibu kwa upole, kama daktari anayetoa majibu. Kiasi alinishika kiwiko, tukatoka.

Nyumba ya tatu haikuwa na kibao. Ilikuwa na pazia la kitenge mlangoni, na kabla sijalifikia, harufu ilinijia: vanishi ya mota ikikaukia juani, na nyuma yake chai ya tangawizi. Miguu yangu iliijua njia. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, mwenye uso usioonyesha umri, na alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu mwanangu, ingia. Hata hujala, naona. Mimi ni Bibi Jana." Ndani palikuwa ua wetu wa zamani, bila kukosea hata tofali. Ilikuwa Jumamosi. Redio juu ya dirisha ilikuwa inasoma salamu za wasikilizaji, fulani wa Kilosa akimsalimu fulani wa Mahenge na wote wanaomfahamu. Baba alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, amevaa fulana, mguu mmoja ameunyoosha, na mkwaju uko mbele yake kwenye kigoda. Nilijiona mtoto, nimefunga ncha ya waya kwenye nguzo ya kamba za kuanikia, navuta shaba ili inyooke, kazi iliyokuwa yangu na ambayo sikumruhusu Kaspari kuigusa. Sikuhisi haja ya kwenda popote. Ningekaa hapo na kusikiliza salamu za watu nisiowajua mpaka majina yaishe.

"Unaona?" Bibi Jana alisema. "Hapa hakuna kinachosogea. Kila kitu kiko alipokiweka." Kisha akanionyesha Baba akizungusha waya kwenye tawi, taratibu, kidole gumba kikitangulia. Baba alisema neno moja huku akizungusha, bila kuinua macho, kama mtu anayejisemea.

"Umesikia?" Bibi Jana aliuliza. "Anasema, nalifunga. Nalifunga tawi. Kilichofungwa na baba, mtoto hafungui. Hiyo ndiyo heshima."

"Umesikia hivyo?" Kiasi aliniuliza mimi. Sauti yake haikupanda. "Au umeambiwa kwamba umesikia?"

Redio ilikuwa na mlio, na neno lilikuwa fupi. Kiasi alisogea ukutani, akasukuma mlango ambao sikukumbuka kuwapo katika ua wetu, akanipisha nitangulie. Kilikuwa chumba cha giza, kimoja kati ya vile nilivyovijua: mkeka, beseni la maji, mafuta ya nazi, dirisha lililozibwa kwa khanga. Chumba kama hicho niliwekwa mimi likizo moja nikiwa mwali, shangazi na somo wangu wakinifunda, na baba akipita nje anakohoa makusudi ili nijue yupo. Juu ya mkeka alikaa msichana, ameinamisha kichwa upande wa kushoto na mkono wake wa kushoto ameushusha chini, kama alivyofunzwa kukaa. Mkono wake ulizungushiwa shaba. Shaba ilikuwa imeingia nyamani.

Aliniamkia. Nikamwitikia. Kisha akasema, kwa adabu zote, "Yote niliyofundwa nimeshayajua. Nitatolewa lini?"

Nikamgeukia Bibi Jana. Kwa mara ya kwanza alionekana kuhangaika. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. "Akitoka atasahau," alisema. "Watamwangalia, watamzoea, atanyoosha mkono apendavyo. Mwache. Mimi nampenda."

"Anampenda kweli," Kiasi alisema. "Hilo usilitie shaka. Lakini wewe umekaa chumba hiki, na unajua kilichofuata. Niambie: kuna somo gani aliyefunda mwali, halafu akamaliza yote, halafu hakumtoa?"

Nilikumbuka siku yangu. Nilikumbuka mwanga uliponipiga usoni, ngoma, mabega ya mjomba aliyenibeba, na watu wakinitunza kwa vitenge na vijisenti. Nilikumbuka pia kwamba shangazi, aliyenifunda kwa ukali kuliko wote, ndiye aliyelivuta pazia kwa mkono wake, na alikuwa anacheka. Kutolewa ndiko kulikoonyesha kwamba kazi yao imefika mwisho na imekubali. Nilitaka kumwambia hivyo msichana, lakini Bibi Jana alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto, na nje redio ilikuwa bado inasoma majina.

"Dada. Dada Skola! Amka, saa tisa na nusu hiyo."

Kaspari alikuwa ananitikisa bega. Mvua ilikuwa imekatika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeishika plaizi, na chumba kilikuwa na watu wawili watatu wanaorudi warshani. Mkwaju ulikuwa mezani, haujabadilika. Ndoto si ushahidi, nami sikutaka kuitegemea kama ushahidi. Nikamwuliza Kaspari kitu ambacho angeweza kukijua mwenyewe, bila kumpa jibu mdomoni.

"Baba alikuwa anasemaje akizungusha waya?"

"Akisemaje vipi?"

"Kulikuwa na neno alikuwa analisema."

"Aa, hilo." Kaspari akacheka. "Kufunda. 'Nalifunda tawi.' Si wewe uliyekuwa unamcheka, unamwita kungwi? Ulikuwa unamwuliza, 'Baba, mwali wako atatoka lini?' Naye anakujibu, 'Akishajua kukaa.' Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Mwaka mzima nilikuwa na neno jingine kichwani, 'nalifunga', lenye herufi moja tofauti, na kwa neno hilo nilikuwa naliua tawi nikidhani namheshimu aliyelilea. Baba hakufunga kitu. Waya wake ulikuwa chumba cha mwali, na mwenye kumtoa mwali ndiye aliyepaswa kuuondoa. Yeye hakuwahi kufika siku hiyo. Mimi nilikuwapo, na pazia sikulivuta.

"Nishikie sahani," nilimwambia Kaspari.

"Unakata kweli?"

"Shika, usitikise."

Mama Jyoti alituona kwa mbali, akaja, akasimama bila kunigusa. "Usiuzungushe kuutoa, mwanangu, utavunja machipukizi. Kata kila mzunguko peke yake. Ulipozama, ukate juu na chini, halafu usubiri kipande kilegee chenyewe."

Nilianzia nchani. Vipande vya mwanzo vilianguka mezani kwa mlio mdogo. Katikati, palipovimba, shaba ilikataa, na ilipotoka iliacha mfereji wenye rangi ya nyama mbichi. Kaspari alisema, "Pole, mama," akiuambia mti, na safari hii hakutania. Mama Jyoti alitoa mfukoni dawa ya kuziba majeraha, akaipaka kwa ncha ya kijiti. Mzunguko wa mwisho ulikuwa kwenye shina, pale Baba alipoanzia. Hapo alikuwa ameupinda waya nyuma mara mbili ili usiteleze, kama alivyofanya kwenye mota zake zote. Nilikaza plaizi, ikakata.

Tawi lilitikisika. Lilipanda taratibu kiasi cha upana wa kidole kimoja, likasimama. Tulisubiri, sote watatu. Halikupanda tena; ncha yake ilibaki chini ya ukingo wa sahani, limeshajua kukaa.