Sufuria ya Chubwi

Mume wangu alipoanza kuoga kabla ya kula, nilijua kuna mwanamke.

Sikatai, mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyama akipima, huwa nainama nione kidole chake kimelala wapi. Lakini hebu fikiria mwenyewe. Mtu ambaye tangu tuoane anarudi ananuka samaki, anajitupa kitini na kuitisha chakula, ghafla anapitia mlango wa nyuma, anavua nguo uani na kusugua kucha kwa brashi. Huyo si amepata wa kumwambia kwamba ananuka?

Ni mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa mshipi. Si wavuvi wa riziki hao. Ni makarani, walimu na mafundi wanaokwenda bwawani kila Jumamosi kujiburudisha, na mmoja wao akipata samaki wa maana, sifa zake tutazisikia wiki nzima. Huko mume wangu wanamwita Koleo. Jina limetokana na chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha ndoana. Zile ndogo zina mpasuo. Unapitisha mshipi humo, halafu unabana. Wenzake wanabana kwa koleo, yeye kwa meno, tena huku anapiga soga. Chubwi kubwa alizimimina mwenyewe jikoni kwangu. Aliokota mabomba mabovu ya risasi, akayayeyusha kwenye sufuria kuukuu, na chama kizima kikavulia hizo.

Basi nikapekua mfuko wake wa uvuvi. Nilitegemea leso, au chupa ya marashi. Nilichokuta ni koleo ndogo, mpya kabisa. Koleo kanunua koleo! Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka. Mwanamke gani atamkataza mwanamume kutia chubwi mdomoni? Nikajijibu mwenyewe: anayeubusu mdomo huo.

Kilichonichanganya zaidi ni ukarimu. Mume wangu mkono wa birika, hata mwavuli haazimi. Siku moja akabeba sufuria yake na kalibu zake zote za kumiminia chubwi, akampelekea mume wa mdogo wangu. Wameoa dada wawili, kwa hiyo wanaitana mwanyumba.

"Mimi nimezeeka," akaniambia. "Acha mwanyumba arithi kazi."

Shemeji alifurahi kama kapewa cheo. Mdogo wangu naye, mwenye mimba aliyoililia tangu aolewe, akanipigia simu akicheka. "Dada, nyumba yangu imekuwa kiwanda! Chubwi zinapoa hapa mezani, na mimi nakata vitunguu pembeni."

Nikacheka naye. Jicho langu lote lilikuwa kwenye mwanamke wa kufikirika.

Wakati huohuo afisa wa mazingira, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alikuwa ameleta pendekezo la kupiga marufuku chubwi za risasi bwawani. Chama kikawaka moto. Mwalimu mmoja alimuunga mkono. Tangu siku hiyo wenzake wakawa wanamsalimia kwa kichwa tu. Wengine walisema afisa katumwa na wenye maduka ya chubwi za chuma, ambazo ni ghali na hazizami upesi. Mume wangu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Nyumbani hata mezani alikuwa anahutubia, kucha zake zikiwa safi kama za daktari.

Ijumaa nikiwa sokoni nachagua nyanya, muuguzi wa zahanati akanishika bega.

"Mama, mzee anaendeleaje? Ile risasi kwenye damu imepungua?"

Machale yakanicheza. Nikajifanya najua. "Inapungua. Mlimwambia lini vile?"

"Si mwanzoni mwa mwaka? Tulimsisitizia aache kuyeyusha nyumbani na aache kutia chubwi mdomoni. Daktari alimwambia wazi, ule moshi na vumbi lake vibaya zaidi kwa mtoto mdogo na mjamzito."

Kumbe hakukuwa na mwanamke. Ningepaswa kufurahi, lakini nikaanza kuhesabu miezi. Sufuria ilitoka kwangu baada ya daktari kumwonya, na ilikwenda kwa mdogo wangu.

Nilimpigia palepale. "Toka jikoni humo. Njoo ukae kwangu. Risasi inaingia kwenye damu, itamdhuru mtoto."

"Aa, dada!" Alicheka. "Mumeo mwenyewe si ndiye anasema haina neno? Wewe unashuku hata kivuli chako."

Hakunitukana, alisema kweli. Nimeshuku mengi mno, na sasa nina la kweli mkononi na hakuna wa kulipokea. Lilipaswa litoke kinywani mwa mume wangu. Sikumuuliza nyumbani; ningemuuliza, angepata nafasi ya kupanga majibu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye mkutano wa chama kuhusu marufuku ile, nikakaa nyuma. Afisa alieleza kwamba bata wa bwawani wanameza chubwi zilizopotea wakidhani ni changarawe, wanadhoofika na kufa. Akasema hata wanaoziyeyusha majumbani wanajidhuru.

"Nani kakutuma?" mmoja akapiga kelele.

Mume wangu akasimama, akatabasamu. "Mama afisa, mimi chubwi nazibana kwa meno tangu ujana. Nani hapa kaniona nimekufa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyepiga makofi kuliko wote ni shemeji yangu.

Nikasimama. "Mwenyekiti, waambie daktari alisema nini kuhusu damu yako."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Mke wangu," akasema polepole, "hayo ni ya nyumbani."

"Ndiyo. Ya nyumbani kwa mdogo wangu."

Makofi ya shemeji yalikuwa yamekatika, mikono bado iko hewani. Akainuka. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akimkatisha mtu kauli. "Mwanyumba, daktari alikuambia nini?"

"Mambo ya kawaida tu. Nipunguze kuyeyusha."

"Alikuambia kabla hujanipa ile sufuria, au baada?"

Mume wangu alimtazama afisa, kisha akatazama dari. Nilimkodolea macho na, kwa mara ya kwanza maishani, nikaomba Mungu shaka yangu iwe ya bure.

"Nilidhani utayeyushia nje," akasema.

Wanakaa ghorofa ya tatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipandisha sufuria ile kwenye ngazi, akamwekea mdogo wangu jikoni.