Nyimbo za Esha Kwenye Mkanda

Bibi Pili alitoka Newala na mkanda wa video ameufunga kwenye kanga, na njia nzima hadi Masasi hakumwachia mjukuu wake Ziada aushike. Mle alikuwamo mwanawe Esha, unyagoni, akiongoza nyimbo. Esha alifariki akimzaa Ziada. Picha zake zilikuwapo nyumbani, lakini sauti yake ilibaki mle tu, na Ziada hajawahi kuisikia.

Taabu ni kwamba nyimbo za unyago mwanamume hazisikii. Na mwenye deki nzima na kompyuta ya kuhamishia mikanda kwenye CD alikuwa mwanamume, Fortunatus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia, macho yakipekua sebule. Mtu na akili zake anakaa na mikanda ya harusi za wenzake, ya nini?

"Mkanda huu umeota ukungu, mama. Utapita kwenye deki mara moja tu."

Maneno ya mtu anayetaka kubaki nao, aliwaza Bibi Pili.

Fortunatus akaunganisha deki na kompyuta kwa waya tatu: moja ya picha, mbili za sauti.

"Hizo mbili chomoa."

"Nitazima spika, mama, sitasikia kitu. Lakini hizi zikitoka..."

"Lakini nini? Nyimbo za wanawake unazitakia nini wewe?"

Bibi Pili hakuwa mshamba, ati. Redio yake ya kaseti, ukichomoa waya za spika, inanyamaza tu. Wimbo unabaki kwenye kaseti. Fortunatus akainamisha uso kwa haya, akazichomoa.

"Haya, mama. Mkanda ni wako."

Akaenda kukaa barazani. Esha akatokea kwenye kioo, anacheza kimya, na Bibi Pili akalia waziwazi. Karibu na mwisho deki ikautafuna mkanda, ukatoka vipandevipande. Hakujali, CD si anaipata? Akamwita Fortunatus ampe CD, akamsimamia mpaka akafuta kila kitu kwenye kompyuta, kisha Bibi Pili akaondoka kifua mbele.

Nyumbani Newala wakafunga mlango, wakaweka CD. Esha akafungua kinywa.

"Ongeza sauti," alisema Bibi Pili.

Ziada akaongeza hadi mwisho. Kimya.

"Kaiba! Si nilijua? Yule mwanamume kabaki na sauti ya mwanangu!"

"Bibi," Ziada alisema polepole, "zile waya ndizo zilizokuwa zinaipeleka sauti kwenye kompyuta. Alitaka kukwambia, ukamkatisha."

Bibi Pili akaisogelea runinga. Kwenye kioo Esha alikuwa anacheka, anamwambia mwenzake jambo.

"Sauti yake ilikuwaje, bibi?"

"Nyembamba," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, si nyembamba." Akatafuta neno jingine, asilipate.