Harusi ya Iddi Ndani ya Mashine

Ukitaka kumdanganya mtani wako, mwambie ukweli. Devota Nyoni wa Mfaranyaki, mtaa wa Songea, alikuja kulijua hilo Ijumaa moja, Idd ikiwa inakaribia, na kulijua kwake kulimtoa jasho mpaka kwenye nyayo.

Miaka ile mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanaota kama uyoga. Soko lilikuwa limefunguliwa, na kila mwenye nacho alinunua basi, akalipaka rangi, akaliandika jina la kujisifu. Alhaji Saleh wa Tunduru alikuwa nayo mawili, yote yanaitwa Nyota ya Ruvuma, moja linakuja Songea na jingine linarudi. Barabara ilikuwa na mashimo ya kumficha ndama, lakini hilo Alhaji alilizoea. Kilichomnyima usingizi ni viti. Ofisi ya Songea ilikata tiketi za kwenda na kurudi, ofisi ya Tunduru nayo hivyohivyo, na kiti kimoja kikapata wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Idd iliyotangulia, akina mama wawili waligombea kiti cha dirishani mpaka Namtumbo, na mmoja akashuka amevaa kilemba cha mwenzake.

Devota alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na elimu yake ya kompyuta. Bibi yake, Lidwina, alihamishia kitanda chake upande wa jikoni ili mjukuu apate chumba cha mbele cha kufanyia kazi. Humo Devota aliweka kompyuta yake, meza ya mninga na simu ya waya, akamwendea Alhaji siku alipokuja Songea, akamwambia, "Nitakutengenezea programu. Itakaa kwenye mashine moja tu, kule ofisini kwako Tunduru, iwe ndiyo inashika viti vyote. Songea tutaiuliza kwa simu. Kiti kikishauzwa, kimeuzwa."

Alhaji alikuna ndevu. "Sawa, binti yangu. Tiketi za Idd nazifungua Ijumaa, nikitoka kuswali. Nikirudi ofisini nikaona viti kwenye hiyo mashine, kazi ni yako, leo na siku zote. Nisipoviona, kuna vijana wa Dar wananipigia simu kila wiki."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Programu isiposimama kabla ya Alhaji kutoka msikitini, Devota hana kazi nyingine Songea. Atafunga kompyuta kwenye boksi, atarudi Dar kubanana na wenzake katika chumba kimoja, na Bibi atarudisha kitanda chake chumba cha mbele na kukaa humo peke yake.

Sasa, hiyo mashine ya Tunduru inaitwa seva. Seva ni kama mama mwenye ghala: vitu vya wote anavitunza yeye, wengine wanapiga hodi na kuomba. Na Devota hakuwa na haja ya kupanda basi kwenda kuipelekea programu. Alikaa palepale Mfaranyaki, mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha wala pambo, akawa anaandika amri moja moja. Maneno yalipita kwenye waya wa simu mpaka Tunduru, na mashine ikatenda. Ni kama kumwagiza mtu aliye ng'ambo ya mto. Ukitamka sawasawa, anafanya. Ukikosea neno, anakutazama tu.

Shida moja: kila ofisi ilikuwa na simu moja. Mashine zikizungumza, watu wanyamaze. Watu wakitaka kuzungumza, mashine ziagane kwanza.

Asubuhi ile Devota alipiga hodi, mashine ya Tunduru ikaitikia. Akatoa neno la siri, ikamfungulia. Akaamuru programu ipande. Ikapanda, ikapanda, halafu ikasimama, na skrini ikajibu kwa neno moja kavu: imeshindikana.

"Imeshindikana nini sasa?" Devota aliiuliza. Mashine haikuongeza neno.

Akakata, akainua simu, akampigia Iddi. Huyu Iddi ndiye aliyekaa na mashine ile Tunduru, kijana wa Kiyao, mkata tiketi, mdomo kama kengele. Na kwa kuwa yeye ni Myao na Devota ni Mngoni, walikuwa watani tangu kabla hawajazaliwa. Hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Haloo, Nyota ya Ruvuma, panda bure, kushuka ndiyo unalipa!"

"Iddi, ni Devota."

"Ala! Na Wangoni siku hizi mnajua simu? Nani amekushikia mkono?"

"Programu inakataa kuingia. Mashine yako ina nini?"

"Imejaa, mtani. Nimeweka harusi yangu humo. Hakuna hata pa kuegesha kigoda."

Devota alicheka asipende. Iddi alikuwa amemwoa Biasha juzijuzi tu, na tangu hapo ukimwuliza saa anakujibu harusi.

"Harusi ya Myao ijaze mashine? Si mlikuwa watu saba na kuku mmoja?"

"Na kuku mwenyewe alikuwa wenu. Tulimteka vitani."

Bibi Lidwina alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage. Aliposikia neno vita aliweka ungo chini. "Nipe huyo Myao nimsalimie."

"Bibi, nina kazi!"

"Salamu nayo ni kazi." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Wewe Iddi! Babu zako walipotuona tunakuja si walipanda milimani kama nyani?"

"Shikamoo Bibi! Walipanda kuwapisha. Mlikuwa mnanuka njaa mpaka huku."

"Marahaba, mla korosho mbichi we!" Bibi alirudisha simu, ameridhika kabisa, akaendelea na maharage yake.

Devota akawaza ni simu. Waya wa Tunduru ulijulikana kwa kukwaruza kama sufuria likisuguliwa mchanga. Akapunguza mwendo, akatuma tena polepole. Ikasimama. Akatuma tena. Ikasimama, na palepale iliposimama mwanzo. Hapo akatikisa kichwa. Simu mbovu hukata popote, kama mlevi anavyoanguka popote. Hii ilikuwa inaangukia shimo moja. Basi si simu.

Akawaza labda hana ruhusa ya kuweka vitu humo. Akaiuliza mashine, "Mimi ni nani kwako?" Ikamtaja jina lake. Akauliza mlango ni wa nani, ikasema ni wake. Akajaribu kutuma kitu kidogo kabisa, maneno mawili matatu. Mashine ikapokea jina, na alipofungua ndani hakukuwa na kitu, kama bahasha ya zaka ya mtu bahili.

Ghala kujaa hakulifikiria. Alilipima mwenyewe alipoiandaa mashine ile, likawa jeupe kama uwanja wa mpira. Nani atajaza uwanja wa mpira kwa muda mfupi hivyo?

Akampigia Iddi tena. "Umegusa nini kwenye hiyo mashine?"

"Mtani, si nimekwambia? Harusi. Watu wamekaa mpaka mlangoni, bibi harusi hana pa kugeukia."

"Iddi, acha utani!"

"Utani upi? Loo, Mngoni ukimwambia kweli anataka kwanza uape!"

"Alhaji akirudi bila kuona viti, mimi narudi Dar. Unanielewa? Nafunga mizigo."

Sauti yake ilikatika mwishoni. Iddi aliisikia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaacha utani.

"Pole, dada Devota. Ngoja basi nifikirie kweli. Labda... labda ni joto. Huku kuna jua kali. Huenda mashine imechemka."

Sasa tazama mambo ya watani. Iddi aliposema kweli, Devota alicheka. Aliposema asilolijua, kwa kuwa alilisema bila kucheka na akamwita dada, Devota akaamini. Akamwambia azime mashine, aifungue mgongo, aipepee. Iddi akaipepea kwa boksi la biskuti, akapuliza vumbi likamwingia machoni, akafumba, akafikicha, akaiwasha tena. Muda ukaenda. Devota akapiga hodi, akatuma, na mashine ikamjibu neno lake lilelile, safari hii ikiwa imeburudika vizuri.

Akapiga simu ya tatu, na nyuma ya sauti ya Iddi akasikia adhana.

"Mtani, Alhaji ameshatoka kwenda msikitini," Iddi akasema. "Na mimi niko na kanzu mlangoni. Nifanye nini?"

"Kaa hapohapo."

"Niache swala ya Ijumaa?"

"Basi nenda, uniombee!"

"Mkristo nikuombee msikitini? Haya, nitajaribu, nitakutaja kwa sauti ndogo."

Devota akabaki na skrini nyeusi. Bibi Lidwina alianza kuangalia kitanda kile jikoni kama anayekiaga.

Ndipo Devota, kwa kuwa hakuna lingine lililobaki, akaiuliza mashine swali ambalo angeliuliza asubuhi kama asingejiona anajua jibu lake: ghala lina nafasi kiasi gani?

Jibu likaja: hakuna. Limejaa pomoni.

Akaagiza aonyeshwe nani amelijaza. Mashine ikamtajia chumba cha Iddi, na ndani ya chumba vitu vitatu vikubwa kama tembo: harusi ya mume, harusi ya mke, harusi ya mkwe.

Devota aliusoma mstari ule, akausoma tena, kisha akaweka kichwa mezani. Bibi alidhani analia, akainuka. Kumbe anacheka mpaka hana pumzi.

"Bibi, Iddi hakuwa na utani!"

"Myao asiwe na utani? Anaumwa?"

"Aliweka video ya harusi kweli. Nyimbo, pilau, shemeji zake wote, ameingiza mashineni! Tena mara tatu!"

Kufuta ni neno moja fupi tu. Na mashine ile haikuwa na huruma ya kukuuliza mara mbili, "Mama, una hakika?" Ukisema futa, imefuta. Devota alikuwa ameshaandika neno, kidole kiko juu. Lakini mtani akikamata mali ya mtani wake haiharibu. Anaishika mpaka ikombolewe. Hiyo ndiyo sheria, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Akakata, akapiga simu kwa kujaribu bahati.

Iddi akaipokea anahema. Alikuwa amekimbia kutoka msikitini kabla hata ya kuvaa viatu vizuri.

"Iddi, harusi yako nimeiteka."

"Nilikwambia! Wallahi nilikwambia tangu asubuhi!"

"Nikirudi kwenye mashine nikabonyeza, wewe kapera."

"Mtani, usiiue! Zile sidii za video watoto wa shemeji wamezikwaruza zote, iliyobaki ni hiyo ya kwenye mashine tu. Mama mkwe anakuja Idd kuitazama!"

"Na kwa nini tatu?"

"Ya mume, ya mke, na ya mkwe. Ili tusigombane."

"Mbili zinakufa sasa hivi. Ya tatu uikomboe. Korosho za kukaanga, kapu zima, zije na basi. Na uicheze lizombe hapo ulipo, Bibi anasikiliza."

"Ofisini? Myao nicheze ngoma ya Wangoni? Na kanzu?"

"Kidole kinaniwasha, Iddi."

Bibi Lidwina alikuwa ameshatega sikio. Akaanza kupiga makofi na kuimba karibu na simu, na kutoka Tunduru zikasikika kandambili zikipiga sakafu, pata-pata-pata, na Iddi akilalamika katikati. "Kiuno!" Bibi akapaza sauti. "Sisikii kiuno!"

"Bibi, kiuno hakipiti kwenye simu!"

Devota akakata, akapiga hodi kwenye mashine, akafuta harusi ya mume na ya mkwe, akaiacha ya mke kwa kuwa Biasha hakuwa na kosa. Akatuma programu. Ikafika lilipokuwa shimo, ikapita. Ikapanda yote. Akaiamuru iamke, ikaamka, na viti vikajipanga kwenye skrini, vyeupe, vinasubiri wenyewe.

Simu ililia mara tu alipoiachia. Ilikuwa sauti nzito.

"Shikamoo Alhaji."

"Marahaba. Naviona viti hapa, mashaallah. Lakini niambie, binti yangu. Asubuhi nzima simu yangu haishikiki, na nimemkuta Iddi anatoka jasho kwenye kanzu. Mashine ilikuwa na nini?"

Devota alimsikia Iddi akiburuta kandambili nyuma ya Alhaji. Kumdanganya mzee aliyetoka kuswali hakuweza, na kumchongea Iddi hakutaka. Lakini swali lilikuwa limenyooka.

"Alhaji, ilikuwa imejaa harusi ya Iddi."

Kicheko cha Alhaji kikapasuka mpaka Devota akaitenga simu na sikio.

"Mngoni na Myao! Nauliza jambo la kazi, najibiwa utani!"

"Alhaji, ni kweli."

"Ni kweli, Alhaji," Iddi naye akadakia kwa unyonge. "Niliiweka mwenyewe."

"Basi, basi, mtanivunja mbavu! Mnapangiana mpaka maneno! Devota, kazi ni yako. Mambo ya mashine siyajui, usinieleze tena."

Tiketi ya kwanza ilikatwa na Iddi, akailipia mwenyewe, kiti cha kwanza, dirishani, Tunduru kwenda Songea. Siku ya safari, basi lile liliondoka limejaa watu wa Idd, wengine wamesimama, na kwenye kiti cha kwanza limekaa kapu la korosho limefungwa khanga. Mzee mmoja alitaka kulishusha akae. Sefu, kondakta, akamzuia.

"Mzee wangu, samahani, kiti kina mwenyewe. Mashine imeandika."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Sefu akaisoma karatasi, akalitazama kapu, akaisoma tena. "Huyu hapa. Bi Korosho binti Iddi, anashukia Songea."

"Kwani kapu ni mtu?"

"Mimi sijui, mzee. Kiti kikishauzwa, kimeuzwa. Ndivyo tulivyoambiwa."

Kapu likaja limekaa mpaka Songea, linaangalia nje. Bibi Lidwina alilipokea stendi, akalifungua palepale, akatafuna korosho moja polepole.

"Chumvi kidogo," akamwambia Devota. "Twende nyumbani umpigie tena. Harusi moja si bado iko ndani?"